Shingo Moja, Maradhi Mawili

Mwaka 1820, Jean-François Coindet, daktari wa Geneva, alianza kuwapa wagonjwa wake wenye rovu dawa mpya kabisa: matone ya iodini iliyoyeyushwa katika spiriti. Iodini yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka kumi tangu Bernard Courtois alipoigundua huko Ufaransa, mwaka 1811, katika majivu ya mwani. Sifa za dawa zikaenea mjini. Shingo zilizojaa kwa miaka zilipungua kwa majuma machache, na watu wakaanza kuinunua na kuinywa wenyewe bila ya kumwuliza mtu. Kisha yakaja malalamiko. Baadhi yao walikonda ghafla, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio. Coindet aliyaandika hayo na kuonya watu wasiitumie kiholela, lakini mji ulikuwa umekwisha kugawanyika: hawa wakiiita iodini mkombozi, wale wakiiita sumu.

Wote walikuwa na haki. Ugomvi wao unaeleza sehemu kubwa ya historia ya maradhi haya. Kwa zaidi ya miaka elfu, mila za tiba zilizotofautiana kwa lugha, dini na bara zilipata dawa ya rovu, tena dawa iliyofanya kazi, huku zote zikitazama mahali pasipotosha. Zilitazama shingo. Tezi ya thairoidi, iliyoko chini kidogo ya kikoromeo, kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kitumike kwa kiasi gani, ngozi, utumbo, akili na hedhi vifuate mwendo upi. Uvimbe wa tezi hautuambii kama inafanya kazi kupita kiasi, au imezembea, au iko sawasawa. Shingo moja yaweza kubeba maradhi mawili yanayopingana, na dawa inayomponya huyu ikamdhuru yule. Jambo hili bado halijaeleweka vya kutosha kwetu, na watu wanaumia kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nataka kuzipitia mila hizi pamoja, nione kila moja ilifika wapi na ilikwama wapi.

Tuanze na Wachina, ambao maandishi yao yanashangaza kwa uwazi. Ge Hong, tabibu aliyefariki katika karne ya 4, aliagiza mwani ulowekwe kwenye pombe na mgonjwa anywe kidogo kidogo. Miaka mia tatu baadaye, Sun Simiao alipokusanya kitabu chake kikubwa cha tiba, mwani ulikuwa bado umo, na pamoja nao dawa ya ajabu zaidi: tezi za shingo za wanyama, kondoo na kulungu. Kwa elimu ya leo, hizo ni tiba mbili tofauti kabisa. Mwani huipa tezi malighafi, yaani madini joto, ambayo ndiyo hiyo iodini ya Courtois. Tezi ya mnyama humpa mgonjwa homoni iliyokwisha kutengenezwa. Ya kwanza inamfaa mtu ambaye tezi yake ni nzima ila imekosa chakula chake. Ya pili inamfaa hata yule ambaye tezi yake haifanyi kazi tena. Matabibu wale walizichanganya kwa sababu lengo lao lilikuwa moja, uvimbe upungue. Sioni sababu ya kuwabeza. Walikuwa na macho na vidole tu, na kwa hivyo viwili walifika mbali.

Ulaya ilipita njia hiyo hiyo kwa sponji: matabibu wa Salerno, Italia, walifundisha katika karne ya 12 kuchoma sponji ya baharini na kumpa mgonjwa majivu yake. Kule Andes wenyeji walijua chumvi ya machimbo gani huondoa rovu na ipi haifui dafu. Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault aliipima chumvi hiyo, akaikuta ina iodini, na katika miaka ya 1830 akashauri igawiwe watu wa sehemu zilizoathirika. Ushauri huo ulikaa karibu miaka mia bila kutekelezwa kwa upana. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan, Marekani, likafuata mwaka 1924. Mwani, sponji na chumvi ya mlimani ni dawa moja iliyopatikana mara tatu na watu wasiojuana.

Wahindi na Waislamu walifanya jambo jingine, na mimi naliona kuwa kubwa zaidi. Wao walijaribu kugawa aina. Katika mkusanyiko wa Sushruta, rovu linatenganishwa kwa kufuata kinachotawala ndani ya mwili: upepo, kohozi au mafuta. Al-Zahrawi wa Cordoba, yapata mwaka 1000, alitofautisha uvimbe wa kuzaliwa nao na uvimbe uliozuka baadaye, akatenga ule unaofanana na mafuta na ule unaofanana na mshipa wa damu uliotanuka, akaonya kwamba huu wa pili kisu kisiuguse. Katika karne ya 12 Sayyid Ismail al-Jurjani, aliyeandika kwa Kiajemi, aliona kuwa uvimbe wa shingo na macho yaliyotokeza huenda pamoja. Huyo ndiye aliyekaribia kuuona ukweli. Macho hayako shingoni. Akiyataja pamoja na rovu, tayari amekwisha kusema kwamba maradhi haya ni ya mwili mzima. Ulaya ilikuja kulisema hilo kwa sauti miaka mia saba baadaye: Robert Graves mjini Dublin mwaka 1835, na Karl von Basedow wa Merseburg, Ujerumani, mwaka 1840, alipoweka pamoja rovu, macho kutokeza na moyo kwenda mbio.

Tiba hiyo ya Kiislamu, iliyojengwa juu ya mafunzo ya Wayunani, ndiyo iliyotia mizizi katika pwani yetu. Mpaka leo, Lamu, Mombasa au Unguja, mtu mzima atakwambia chakula hiki kina baridi, kile kina hari, na maradhi fulani yameingia kwa sababu mwili umeelemea upande mmoja. Madaktari wengi huyapuuza maneno hayo. Mimi nadhani kwa maradhi ya tezi wanapaswa kuyasikiliza kwa makini. Mgonjwa ambaye tezi yake imezembea hulalamikia baridi wakati wenzake wanatoa jasho. Ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, sauti inakwaruza, mapigo ya moyo yanakuwa ya taratibu, uso unajaa asubuhi, hedhi inatoka nyingi, na uchovu hauondoki hata akilala. Mgonjwa ambaye tezi yake inazidisha huungua kwa joto usiku wa baridi, anakula sana na bado anakonda, anatetemeka vidole, anaharisha, hana subira na watu wake. Nani asiyeona hapo baridi na hari? Mila ya pwani ilikuwa na lugha ya kuusema mwendo wa mwili. Ilichopungukiwa ni kuufunga mwendo huo na tezi iliyoko shingoni. Waswahili walikuwa na lugha hiyo bila ya dawa.

Bara mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu huko rovu halikuwa la mtu mmoja mmoja. Udongo wa milimani, uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, una madini joto kidogo sana, na kila kinachooteshwa humo kinapungukiwa. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zilijulikana kwa marovu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi, kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea nchini katika miaka ya 1990. Mtu akiona kila nyumba ina rovu, analizoea. Akiona la kwake linamsumbua peke yake, anadhani amerogwa. Chale zilizochanjwa juu ya uvimbe wa shingo ni kitu ambacho madaktari wa Afrika wamekiona mara nyingi mno.

Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, mashariki ya Congo, kinastahili nafasi yake. Watafiti wa Ubelgiji, akiwemo François Delange, walifanya kazi huko katika miaka ya 1960 na iliyofuata. Walikuta madini joto ni haba kisiwa kizima, lakini marovu yakiwa mengi mno upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Tofauti ilikuwa katika mihogo. Mhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri hubakiza sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kemikali inayoizuia tezi kuvuta iodini. Pale ambapo iodini inatosha, tezi huvumilia. Pale ambapo ni haba, mhogo humalizia kazi. Kulikuwa na jambo zito zaidi. Baadhi ya watoto waliodhurika vibaya kuliko wote, wafupi mno, wazito wa akili, wenye uso uliovimba, hawakuwa na rovu kubwa. Tezi zao zilikuwa zimenyauka. Mganga aliyetafuta maradhi kwa kupapasa shingo angewapita hao na kwenda kumtibu jirani yao mwenye uvimbe mkubwa na afya nzuri. Tusilaumu waganga peke yao. Daktari yeyote wa kabla ya karne ya 19 angefanya vivyo hivyo.

Wala bahari si kinga. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa watu wa Unguja na Pemba, walaji wa samaki, hawana haja ya kuhangaikia madini joto. Uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha vingine, hasa Pemba. Mwani nao unalimwa Zanzibar kwa biashara tangu 1989, lakini unasafirishwa nje; kwa desturi zetu si chakula.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa dawa mpya. Yalikuwa ni maafa ya upasuaji. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alikuwa hodari wa kukata marovu hata wagonjwa wake wengi walitoka wazima kwenye meza. Mwaka 1883 aliwaita tena wale aliowaondolea tezi yote. Wengi wao walikuwa wamegeuka watu wengine: wamevimba, wazito, wenye baridi, wenye fikra zilizosinzia. Walifanana na wanawake ambao William Gull alikuwa amewaeleza mjini London miaka kumi nyuma, waliopata hali hiyo bila ya kisu. Shingo zilikuwa zimepona na watu wameharibika. Kwangu mimi huo ndio wakati ambapo tiba, kwa mara ya kwanza, ililazimika kuondoa macho kwenye uvimbe. Kocher aliacha kuondoa tezi nzima kwa marovu ya kawaida, akaendelea kuichunguza, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1891 George Murray, daktari kijana wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi za kondoo. Mwanamke huyo aliamka kutoka katika usingizi wa maradhi, akaishi mpaka miaka 74, na inasimuliwa kuwa dawa yake ilichukua tezi za kondoo zaidi ya 870. Sun Simiao angeitambua dawa ile. Tofauti ni kwamba Murray alijua anachojaza. Siku ya Krismasi ya 1914, Edward Kendall wa Mayo Clinic, Marekani, alipata fuwele safi za homoni. Ilimlazimu kutumia takriban tani tatu za tezi za nguruwe ili kupata gramu 33. Charles Harington na George Barger waliitengeneza maabara mwaka 1927, bila ya mnyama. Nalitaja hili kwa ajili ya wasomaji Waislamu wanaoniuliza: levothairoksini ya kidonge inayotolewa hospitalini leo ni homoni ya kiwandani. Unga wa tezi ya nguruwe bado unauzwa nchi za Magharibi, na una watetezi wake, lakini mchanganyiko wake wa homoni haufanani na wa binadamu, na madaktari wengi hawaanzi nao.

Kwa hiyo, leo swali la kwanza ni mwendo, na mwendo unapimwa kwa damu. Kipimo kinachoitwa TSH huonyesha ubongo unaiagizaje tezi. Kikiwa juu, ubongo unaisukuma tezi iliyozembea. Kikiwa chini sana, mara nyingi tezi inazidisha na ubongo umenyamaza. Shingo bado ina la kusema: uvimbe unaopanda ukimeza mate mara nyingi ni wa tezi, na uvimbe unaokua haraka, mgumu, unaobadilisha sauti au kubana pumzi, unataka daktari bila kuchelewa. Lakini usingoje uvimbe. Wanawake huugua zaidi ya wanaume mara nyingi, hasa baada ya kujifungua, na wengi hawana rovu lolote. Huambiwa wana mawazo, au ni uvivu, au ni jini. Na mtu anayekonda huku akila, katika nchi zetu, hunong'onwa kuwa ana UKIMWI kabla hajapimwa chochote. Mwulize daktari kuhusu tezi. Si kosa kumkumbusha.

Dawa za tezi iliyozembea ni rahisi kuzieleza na ngumu kuzifuata. Levothairoksini hunywewa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa mpaka saa moja kabla ya chai. Chai ya maziwa mara moja juu ya kidonge huharibu ufyonzaji wake. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito kliniki, na vya kalsiamu, vikae mbali nacho kwa saa nne. Homoni hii huondoka mwilini polepole, nusu yake kwa takriban juma moja, na ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya majuma sita hadi nane. Kuongeza dozi kila siku mbili kwa sababu bado umechoka ni kujidanganya. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishiwa kidogo sana. Mjamzito huhitaji zaidi, mara nyingi tangu majuma ya mwanzo, kwa kuwa mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama. Mfungaji wa Ramadhani anaweza kupanga na daktari wake kumeza usiku saa kadhaa baada ya futari, au kabla ya daku. Si sababu ya kuacha dawa mwezi mzima.

Tezi inayozidisha ina njia tatu. Vidonge, mara nyingi kabimazoli, huizuia kutengeneza homoni na hutumiwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wengine hupona moja kwa moja, wengine maradhi hurudi. Propranololi haitibu tezi, inatuliza moyo na mikono wakati wa kusubiri, na mwenye pumu asipewe bila kufikiriwa. Hapa nataka kusisitiza jambo ambalo kwetu lina hatari ya pekee. Kwa wagonjwa wachache, chini ya mmoja katika mia, kabimazoli huangusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Dalili ni homa na koo kuuma. Na homa kwetu ni malaria mpaka ithibitike vingine, koo ni mafua. Mgonjwa wa kabimazoli mwenye homa na koo asinywe dawa ya malaria akalala. Asimamishe kabimazoli na aende siku hiyo hiyo kupimwa chembe za damu. Anayetarajia mimba pia aseme mapema, kwa sababu miezi mitatu ya mwanzo hutakiwa dawa nyingine, propilthiourasili, nayo inaweza kudhuru ini.

Njia ya pili ni iodini ya mionzi, iliyoanza kutumiwa Marekani katika miaka ya 1940: tezi huivuta kama inavyovuta madini joto yoyote, kisha mionzi inaiunguza kutoka ndani. Haipewi mjamzito wala anayenyonyesha. Watu wengi huiogopa kwa jina lake, nami naielewa hofu hiyo, ila ni tiba yenye uzoefu wa miongo mingi. Ya tatu ni upasuaji. Mwisho wa njia hizi mbili mara nyingi ni tezi isiyotosha, na kidonge cha levothairoksini cha maisha. Hayo si kushindwa. Ni badiliko la ugonjwa hatari kwa upungufu unaojazika kila asubuhi.

Na tiba za asili? Msimamo wangu umetokana na Geneva ya 1820. Unga wa mwani, matone ya iodini yanayouzwa mitandaoni, dawa za mitishamba za "kusafisha tezi": vinaweza kumsaidia aliyepungukiwa madini joto, na vinaweza kumwasha moto mtu mwenye rovu la vinundu la miaka mingi, ambalo likipewa iodini ghafla huzidisha homoni bila breki. Bila kipimo, wewe na muuzaji hamjui uko upande gani. Chumvi yenye madini joto ya jikoni ni jambo jingine. Hiyo inatosha na ni salama kwa karibu kila mtu, ilimradi ihifadhiwe kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na jua na unyevu, na itiwe kwenye chakula kikikaribia kuiva.

Limebaki la watoto. Mjini Quebec, Kanada, Jean Dussault alionyesha katika miaka ya 1970 kuwa tone la damu kutoka kisiginoni mwa mtoto mchanga linatosha kugundua tezi isiyofanya kazi, na mtoto akianza kidonge katika majuma mawili ya mwanzo anakua na akili zake timamu. Akicheleweshwa miezi, hasara hairudi. Mtoto huyo mara nyingi huzaliwa hana rovu, hana homa, halii sana. Watu husema ni mtulivu. Kipimo hicho bado si cha kawaida katika wodi zetu za wazazi, ingawa dawa yake ni ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mzazi ambaye mtoto wake ana manjano isiyokwisha, kitovu kilichotokeza, ulimi mkubwa, choo cha shida na usingizi mwingi mno, aombe apimwe tezi, na asikubali kuambiwa asubiri. Na wizara zetu za afya ziweke kipimo hiki katika huduma za kila mtoto anayezaliwa.